Uzi: Miwani ya VR kwa sisi tunaorusha vyombo vya anga tukiwa tumekaa, ipi inafaa?

Rubani wa Ipagala

Wakuu, habari za jioni.

Kila mara anakuja mtu kuuliza anunue miwani gani ya VR, ile ya kuvaa skrini machoni ukajiona uko ndani ya gemu, na ushauri anaopewa karibu wote ni wa watu wanaocheza wamesimama: gemu za kupiga ngumi, kukata vitu kwa panga, kukwepa risasi sebuleni. Ushauri si mbaya, ila si wetu. Sisi wa Elite Dangerous na Star Wars: Squadrons, gemu za kurusha vyombo vya anga, tunakaa. Mkono wa kulia uko kwenye jostiki, wa kushoto kwenye mpini wa mwendo, na tukishapaa hatunyanyuki hadi shingo ichoke. Uzi huu ni wa watu hao, hasa walioko Dodoma, kwa sababu vumbi, jua na umeme wetu navyo vinaingia kwenye hesabu.

Kwanza tuondoe visivyotuhusu. Miwani isiyo na waya inasifiwa sana kwa sababu anayezunguka chumbani hujikwaa. Aliyekaa hajikwai. Kwetu waya ni neema: unaleta picha moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya michoro (sehemu ya kompyuta inayochora picha) na hakuna betri ya kukuangusha katikati ya safari. Vidhibiti vya mikononi navyo, kwa anayecheza Elite, vinalala kabatini. Valve Index ilipotoka mwaka 2019 seti nzima ilikuwa dola 999 wakati miwani yenyewe peke yake ilikuwa dola 499. Nusu ya hela ilikuwa ya vidhibiti vinavyosoma kila kidole na vituo viwili vya kufunga ukutani, vinavyosaidia miwani kujua kichwa kiko wapi. Rubani anatazama mbele, kituo kimoja kinamtosha.

Baada ya kuondoa hayo, yanabaki matatu: giza, maandishi na mzigo wa kichwani.

Nianze na giza kwa sababu ndilo linalosahauliwa na karibu kila anayelinganisha miwani hizi. Anga za juu ni nyeusi. Sehemu kubwa ya unachokitazama ukiwa safarini ni weusi tu wenye vidoa vya mwanga. Skrini ya LCD ina taa nyuma yake inayowaka muda wote, kwa hiyo "nyeusi" yake ni kijivu. Skrini ya OLED kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inajiwashia yenyewe, na ikitakiwa kuwa nyeusi inazima kabisa. Aliyewahi kutoka nje usiku wa Julai kule Bahi au Mvumi, hakuna mwezi, hakuna taa, anajua nyota zinavyoonekana zikiwa na giza la kweli nyuma yake. Ukitoka hapo ukavaa LCD, unahisi kuna ukungu kati yako na galaksi.

Cha kusikitisha ni kwamba tulianza na giza zuri tukalipoteza. Oculus Rift na HTC Vive za mwaka 2016 zote zilikuwa OLED, pikseli 1080 kwa 1200 kila jicho. Maandishi yalikuwa shida, lakini giza lilikuwepo. Baada ya hapo soko likakimbilia wingi wa pikseli: Rift S (2019) 1280 kwa 1440, Index 1440 kwa 1600, HP Reverb G2 (2020) 2160 kwa 2160, Quest 2 (2020) 1832 kwa 1920, Quest 3 (2023) 2064 kwa 2208. Zote LCD. Kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kujipinda akaifikia, OLED iliyobaki ni PlayStation VR2 (PSVR2) ya mwaka 2023, yenye 2000 kwa 2040 kila jicho. Tangu Agosti 2024 inaunganishwa na kompyuta kwa adapta iliyotoka kwa dola 59.99.

Lakini hapo ndipo penye mtihani. PSVR2 ina lenzi za Fresnel, zile zenye miduara miduara kama rekodi ya santuri. Kitu cheupe kikiwa juu ya cheusi, miduara ile inatawanya mwanga na unaona michirizi. Na kitu cheupe juu ya cheusi ndiyo kazi yetu yote: nyota unayoikaribia, taa za kituo, maandishi ya dashibodi. Quest 3 ina lenzi za aina ya pankeki, bapa, safi kutoka katikati hadi karibu na ukingo, michirizi karibu hakuna. Kwa hiyo mwenye giza zuri ana lenzi ya zamani, na mwenye lenzi nzuri hana giza. Hakuna aliyetupa vyote viwili kwa bei ya kawaida.

Maandishi: ukiwa kwenye Elite, ukigeuza kichwa kushoto inafunguka paneli yenye orodha ya vituo, umbali na kazi ulizochukua, herufi ndogo kwelikweli. Kwenye Quest 2 unasoma, ila lazima ulenge kwa pua: unageuza kichwa mpaka mstari uwe katikati ya lenzi. Kwenye Quest 3 unageuza macho tu. Meta, watengenezaji wa Quest, wenyewe wanasema ni pikseli 25 kwa kila digrii moja ya upeo wa macho. Pimax Crystal inafika 35, na huko unasoma kama uko mbele ya monita, lakini ina skrini za 2880 kwa 2880 na kadi ya michoro ya kuilisha ni bei ya bodaboda mpya.

Mzigo: Index ina gramu 809. Quest 3 ina 515. Bigscreen Beyond ya 2023 ina 127, na ni OLED ndogo za 2560 kwa 2560, ila ilianza kwa dola 999 bila vituo vya ukutani, na inatengenezwa kwa kipimo cha uso wako mwenyewe, kwa hiyo humwazimi ndugu yako wala huiuzi kirahisi. Kwa aliyekaa, gramu si tatizo peke yake, tatizo ni zinaegemea wapi. Quest 3 ikiwa na mkanda wake wa kitambaa uzito wote uko usoni, mashavu yanauma. Ukiubadilisha ukaweka mkanda mgumu wenye betri kisogoni, uzito unaongezeka lakini unatulia.

Msimamo wangu: anayeanza, achukue Quest 3. Mwenye kompyuta ya mezani yenye mlango wa picha wa DisplayPort na anayependa anga kuliko vita, aangalie PSVR2. Na jambo moja wageni hawaambiwi: Elite haichezeki kwenye Quest peke yake. Bila kompyuta yenye kadi ya maana, usinunue miwani yoyote kwa ajili ya gemu hii.

Karibuni.

Mdau wa Area D

Mkuu umeandika vizuri, ila umeipa Quest 3 nafasi isiyostahili. Umesema waya unaleta picha moja kwa moja. Kwa Quest si kweli, hata ukiichomeka. Waya wake ni wa USB. Kompyuta inaibana picha kama video, inaipeleka, miwani inaifungua. Kwenye gemu ya mchana mara nyingi hulitambui hilo. Kwenye anga za juu ndipo ubanaji unapojionyesha, kwa sababu video iliyobanwa huonewa sana na giza. Nenda karibu na sayari upande wa usiku, tazama pale mwanga unapofifia kuingia kwenye weusi: utaona ngazi ngazi badala ya mteremko laini, na vibonge vya miraba vinatembea.

PSVR2 na Index zinapitia DisplayPort, hakuna kubana. Mimi nina PSVR2 na adapta. Siku nilipoingia mfumo wenye nyota mbili, moja ya rangi ya chungwa na nyingine ya bluu, nikajizungusha nikazipa mgongo, kibanda kizima cha rubani kikawa giza, taa za dashibodi tu ndizo zinaniangaza magoti. Hiyo LCD haikupi, hata uiwekee pikseli ngapi.

Rubani wa Ipagala

Mkuu wa Area D, nakubaliana nawe kwenye ubanaji, na umesema vizuri kuliko nilivyosema mimi. Kwa mwenye Quest 3, dawa yake ni kupandisha kiwango cha data cha video kwenye mipangilio, na kama kadi na miwani vyote vinamudu mfumo wa kubana video wa AV1, tumia huo. Ngazi zinapungua, haziishi.

Lakini na wewe waambie wasomaji habari ya PSVR2 yote. Sehemu iliyo safi katikati ya lenzi ni ndogo, ikisogea kidogo usoni maandishi yanakuwa na ukungu, na watu wengi wanaitoa wakidhani ni mbovu kumbe haijakaa sawasawa. Pili, kwenye giza skrini yenyewe ina punje punje fulani kama kitambaa cha shuka, unaziona ukitazama anga tupu. Tatu, kwenye kompyuta Sony hawakuiwezesha ile teknolojia yake ya kufuatilia macho, na HDR, ile ya kupanua tofauti ya mwanga na giza, nayo haipo. Unalipia vitu ambavyo huvipati.

Mdau wa Area D

Hayo yote kweli. Naongeza dawa moja inayowafaa wenye OLED. Dashibodi ya Elite ni ya rangi ya chungwa tangu mwanzo. Skrini hizi za OLED zimepangwa pikseli ndogo za kijani nyingi kuliko nyekundu na bluu, kwa hiyo maandishi ya chungwa yanakatika kingo, na ya kijani yananyooka. Ingia kwenye folda ya mipangilio ya gemu, kuna faili linaitwa GraphicsConfigurationOverride.xml, ndani yake kuna sehemu ya GUIColour yenye mistari mitatu ya namba, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Ukichezea namba hizo dashibodi nzima inageuka rangi. Nimeweka kijani chenye weupe kidogo na sasa nasoma umbali wa vituo bila kukunja uso. Haigharimu hata senti.

Dada wa Kisasa

Samahani kaka zangu, mbona hakuna anayetaja umbali kati ya macho? Kwangu hilo ndilo la kwanza kabla ya giza wala pikseli.

Mimi macho yangu yako karibu karibu, kama milimita 59. Niliwahi kuazimwa Rift S na mwenzangu wa kazini, na ile haina kabisa njia ya kusogeza lenzi, ni programu tu inayojaribu kurekebisha. Kila nikivaa naumwa kichwa juu ya nyusi. Reverb G2 inaanzia 60 hadi 68. Quest 2 ina hatua tatu tu: 58, 63 na 68, ukiwa katikati ya hatua imekula kwako. Quest 3 ina kigurudumu cha kuzungusha taratibu, na Meta wanasema inafaa watu wa 53 hadi 75. Kwa wanawake wengi na vijana wadogo hii si habari ndogo, maana miwani nyingi zimetengenezwa kwa kufikiria kichwa cha mwanaume mkubwa.

Kupima ni rahisi: simama mbele ya kioo na rula, funga jicho moja, weka sifuri chini ya mboni, kisha badilisha jicho bila kusogeza kichwa. Au ukienda kupima macho mwambie mpimaji akuandikie namba hiyo, wanayo kwenye kazi yao kila siku.

La pili, wanaovaa miwani ya macho. Kuna dhana kwamba kwa kuwa skrini iko karibu na jicho, mwenye tatizo la kuona mbali haihitaji. Si hivyo. Lenzi zinaipeleka picha kana kwamba iko kama mita moja na nusu hivi mbele yako. Kama huoni vizuri mtu aliyesimama umbali huo, utahitaji miwani yako ndani. Lakini mzee anayevaa miwani ya kusomea tu, mara nyingi anaivua na anaona vizuri. Na msiache kioo cha miwani yenu kigusane na lenzi ya VR. Lenzi hizi ni za plastiki, mchubuko mmoja unaketi katikati ya anga lako daima.

Rubani wa Ipagala

Dada asante sana, hili lilipaswa kuwa juu kabisa. Quest 3 ina kitufe pembeni cha kusogeza nafasi ya uso mbele na nyuma kwa ajili ya miwani, na PSVR2 sehemu nzima ya mbele inasogea. Kuna pia lenzi za kipimo chako za kupachika ndani, ukizipata maisha yanakuwa mepesi.

Mwanafunzi UDOM

Habari wakuu. Mimi nina laptopu yenye kadi ya michoro ya RTX 3060, iko hosteli. Mlango wa picha niliouona ni HDMI. Hiyo adapta ya PSVR2 itakubali? Na kadi hiyo itatosha? Fedha yangu inaruhusu kitu kimoja tu, sitaki kukosea.

Rubani wa Ipagala

Mdogo wangu, adapta ya PSVR2 inadai DisplayPort 1.4. HDMI haitafaa, na vile viungo vidogo vya kugeuza HDMI kuwa DisplayPort usitupie hela huko. Baadhi ya laptopu zina mlango wa USB-C unaotoa DisplayPort, lakini hapo napo kuna la kuangalia: kwenye laptopu nyingi mlango huo umeunganishwa na kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa, si ile ya Nvidia, na VR haitakwenda. Soma maelezo ya modeli yako kamili kabla hujatoa hela. Quest haina tatizo hilo, inatumia USB au Wi-Fi. Kwa laptopu yako, Quest.

Kuhusu kutosha, tupige hesabu. Monita ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli kama milioni 2.07. Quest 3 macho yote mawili ni kama milioni 9.1, zaidi ya mara nne. Na monita unaridhika na fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Kwenye VR unataka 72 au 90, bila kukosa hata moja. Kwa 90, kadi ina milisekunde 11 kumaliza kila picha. Juu ya hapo, picha inachorwa kubwa kuliko skrini kisha inapindwa ili ilingane na lenzi. Kwa hiyo RTX 3060 ya laptopu itakwenda, ila shusha mambo. Weka 72, zima vivuli vya kiwango cha juu, na usiguse vitelezi vyote viwili vya ubora kwa pamoja, yaani kile cha HMD (miwani) ndani ya gemu na kile cha nje cha SteamVR au programu ya Meta. Chagua kimoja upandishie hapo. Anga tupu ni jepesi. Kazi iko ndani ya vituo na juu ya sayari. Pima fremu zako ukiwa ndani ya kituo, usipime ukiwa mbali huko na kufurahi.

Kama fedha ni ya kubana, kuna Quest 3S ya mwaka 2024: prosesa ileile ya Quest 3, lakini skrini na lenzi ni za kizazi cha Quest 2. Ilitoka kwa dola 299 wakati Quest 3 ilianza na 499. Kwa mchezaji wa kusimama 3S ni mpango mzuri. Kwetu sisi prosesa ya ndani haina kazi kubwa, kompyuta ndiyo inayochora. Tunacholipia ni lenzi na skrini. Kwa hiyo 3S inatupa tusichokihitaji na kutunyima tunachokihitaji. Subiri ujaze.

Fundi wa Majengo

Mimi si mchezaji mkubwa, kazi yangu ni kutengeneza, ila nimeziona hizi miwani mezani kwangu nikaona niseme.

Cha kwanza, JUA. Lenzi ya VR inakusanya mwanga sawasawa na kioo cha kukuzia. Miwani ikiachwa mezani, lenzi zimetazama dirishani, jua la Dodoma la saa nane likapita hapo dakika chache tu, skrini inaungua. Unaona doa la njano au mstari mweusi usiotoka. Hakuna fundi wa kuliondoa, ni kubadilisha skrini, na skrini haipatikani. Ukimaliza kucheza, rudisha kwenye mfuko wake au geuza lenzi zitazame chini kwenye kitambaa. Usiku na mchana, iwe mazoea.

Cha pili, vumbi. Vumbi letu lina mchanga ndani. Mtu anaona lenzi chafu anachukua kitambaa anafuta, ameshaichora. Puliza kwanza kwa kile kipira cha mkono cha kupulizia kamera, kisha ndiyo ufute kwa kitambaa laini kikavu, kwa duara kutoka katikati kwenda nje. Spiriti usiweke.

Cha tatu, umeme. Watu wananunua UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, ya 650 VA wanaona namba kubwa. VA si wati. UPS ndogo za aina hiyo mara nyingi zinabeba wati 360 hadi 390 hivi. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya nguvu inapochora VR inaweza kupita hapo, na umeme ukikatika UPS inapiga kelele na kuzima papo hapo. Chukua kubwa zaidi, na usitegemee kucheza nayo. Itegemee ikupe dakika za kutua na kufunga gemu. Na kama una PSVR2, ile adapta ina chaja yake ya ukutani. Ichomeke nayo kwenye UPS. La sivyo kompyuta inabaki hai na wewe umebaki kipofu.

Rubani wa Ipagala

Fundi umetusaidia mno. Hilo la jua wengi hawalijui.

Naongeza la mwanga. Quest na PSVR2 zinajua kichwa kiko wapi kwa kamera zake zenyewe, na kamera zinahitaji kuona chumba. Ukizima taa zote ili unogewe na giza, ufuatiliaji unayumba na kibanda kinaanza kuelea. Acha taa moja hafifu nyuma yako. Index haina shida hiyo, inatumia miale ya vituo vyake hata chumba kikiwa giza totoro.

Mzee wa Mlimwa

Vijana, nawasalimu. Nina HP Reverb G2 niliyoletewa na mwanangu. Nairushia ndege za kawaida na hii Elite. Ni nyepesi, picha nzuri, spika zake zile zile za Index zisizogusa masikio. Naona hamuishauri kabisa. Kwa nini?

Rubani wa Ipagala

Shikamoo mzee. Miwani yako ni nzuri, na kwa rubani wa kukaa ilikuwa miongoni mwa bora za wakati wake: pikseli nyingi, DisplayPort, dola 599. Kinachonifanya nisimshauri mtu kuinunua leo ni programu yake, si yenyewe. G2 inategemea Windows Mixed Reality. Desemba 2023 Microsoft walitangaza wanaiacha, na toleo la Windows 11 la 24H2 lililotoka 2024 likaiondoa kabisa. Mwenye kompyuta ya toleo hilo anachomeka miwani na hakuna kinachotokea. Mwaka 2025 ilitoka programu ya bure kwenye duka la gemu la Steam inaitwa Oasis inayozifufua miwani hizi, ila inadai kadi ya Nvidia. Kama yako inafanya kazi mzee, endelea nayo, na kabla ya kukubali sasisho kubwa la Windows hakikisha una njia hiyo. Lakini kijana akikuta G2 ya mtumba kwa bei ya kutupa, ajue kwa nini inatupwa.

Mzee wa Mlimwa

Marahaba. Kadi ni ya Nvidia, nitamwambia mwanangu aiweke hiyo programu kabla. Ahsante.

Kijana wa Nzuguni

Wakuu, na kichefuchefu je? Nimejaribu kwa rafiki, dakika kumi tu jasho likanitoka, nikalala hadi jioni. Miwani gani haina hiyo?

Dada wa Kisasa

Hakuna isiyo nayo, mdogo wangu. Macho yanasema unaruka, sikio la ndani linasema umekaa Nzuguni kwenye kiti. Mwili unashindwa kuamua. Habari njema ni kwamba gemu zetu ndizo zenye nafuu kuliko nyingi, kwa sababu kibanda cha rubani kimetulia kukuzunguka, macho yanapata kitu kisichosogea cha kushika.

Anza ndani ya gati, chombo kimeegeshwa, tazama tu huku na huku. Siku nyingine paa uende mbele moja kwa moja. Kujibiringisha na kugeuka ghafla ni kwa baadaye kabisa. Weka feni ikupulize usoni, inapoza na inakukumbusha mbele ni wapi; kwa joto la Novemba chini ya bati utaihitaji kwa vyovyote. Na dalili ya kwanza, ile ya jasho la mkononi na mate kujaa, vua palepale. Anayejikaza ili azoee haizoei, mwili unaanza kuichukia miwani hata ukiiona mezani tu. Fremu zikikatikatika pia zinaleta, kwa hiyo maneno ya kaka hapo juu kuhusu kushusha ubora ni ya afya, si ya picha tu.

Gari la kwenye sayari kwenye Elite ndilo baya kuliko yote. Kwenye mipangilio kuna chaguo la kamera kubaki sambamba na upeo hata gari likipinduka. Liwashe.

Mdau wa Area D

Na jambo la gemu zenyewe. Elite sehemu ya Odyssey ya 2021, ukishuka chomboni ukatembea kwa miguu, VR inageuka skrini bapa mbele yako. Kuruka ni VR kamili, kutembea hapana. No Man's Sky ilipata VR Agosti 2019 na pale mambo ni tofauti: usukani wa chombo unaushika kwa vidhibiti vya mikononi, kwa hiyo visikae kabatini. Squadrons ya 2020 ni safi kabisa kwa jostiki, na ndiyo ningemwanzishia mgeni.

Mwanafunzi UDOM

Nimepata mtu Dar anauza Quest 3 iliyotumika, atanitumia kwa basi. Bundle je, si itaisha kwa kurusha picha kwa Wi-Fi?

Rubani wa Ipagala

Picha kutoka laptopu kwenda kwenye miwani inapita ndani ya ruta yako tu, haigusi bundle. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa kebo ya mtandao, miwani iwe kwenye Wi-Fi ya 5 GHz, chumba kimoja. Tatizo la hosteli ni kwamba kila chumba kina Wi-Fi na zinagongana. Kwa hiyo kwako anza na waya wa USB 3, mrefu, na ujue kuwa mlango wa laptopu huenda usitoe umeme wa kutosha: betri ya miwani itashuka taratibu hata ikiwa imechomekwa. Bundle linaliwa na kupakua, gemu na sasisho ni makumi ya GB, hilo lifanye kwa kifurushi cha usiku. Na Elite inataka intaneti muda wote hata ukicheza peke yako.

Kuhusu huyo muuzaji, usitume hela kabla hajakupigia video ikiwa imewashwa. Afungue ukurasa mweupe mtupu, aweke kamera ya simu kwenye kila lenzi: doa la njano au mstari ni jua hilo alilolisema fundi. Kisha picha nyeusi, utafute pikseli iliyoganda inawaka. Azungushe kigurudumu cha lenzi mwanzo hadi mwisho. Mwisho aiondoe kwenye akaunti yake na kuirudisha ilivyotoka kiwandani, wewe ukiwa unaona. Akikataa hilo la mwisho, achana naye, hata bei iwe nzuri vipi.

Mwanafunzi UDOM

Sawa kaka. Nampigia kesho asubuhi, nitaleta majibu hapahapa.

Rubani wa Ipagala

Poa. Ikifika, usiisajili kwa akaunti ya mtu mwingine, fungua yako. Na kabla ya kupakua chochote, niambie modeli kamili ya laptopu yako ili tupange mipangilio ya fremu.